Februari Iliyorukwa

Burnsville, Minnesota
14 Januari 2024

Mjomba Wanjala,

Mulembe. Nakuamkia nikiwa nimevaa soksi mbili mbili na bado vidole vinaniuma. Baridi ya huku imefika pale ambapo watu wameacha hata kuilalamikia. Binti yangu Fiona hajambo, ametimiza miaka kumi na mmoja. Anakusalimu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote ila kukijibu hataki. Nimemwambia akija Kimilili utamnyima kuku. Amesema okay.

Mama ameniambia sikio lako la kulia limefunga kazi, na kwamba simu unaishika kwa heshima tu, unaitikia "ndiyo, ndiyo" na husikii kitu. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Sanduku lako la posta bado nalijua kwa kichwa.

Sasa sikiliza. Tangu Novemba ninamhudumia mzee mmoja wa mji wa Crystal, jina lake Walter. Ana miaka themanini, moyo wake ni dhaifu, miguu inavimba. Nina-drive dakika arobaini kila asubuhi, nampikia uji, nampa dawa, namvalisha zile soksi za kubana, halafu tunagombana kuhusu chumvi. Hana mke tena, hana mtoto. Ana maboksi kumi na saba ya karatasi kwenye chumba cha kulia, na haniruhusu hata kuyafuta vumbi.

Nilimuuliza ni ya nini. Mjomba, huyu mzee alikuwa katika kikosi cha wanamaji cha kupiga picha kutoka angani. Ndege zao zilipaa kutoka kwenye manowari huko Vietnam bila hata risasi moja, kamera tu tumboni. Zikirudi, filamu inasafishwa humo humo melini, na vijana kama yeye wanainama juu ya picha kuzisoma: hili daraja, hili lori, hii bunduki. Sasa wazee waliobaki wamempa kazi ya kuandika historia ya kikosi chao. Kitabu kitachapwa Agosti.

Amenipa niisome ili nimwambie kama inaeleweka. Inaeleweka, tena tamu. Kila mwezi una kurasa zake, nani alipaa, nani aliugua, mpishi gani aliunguza maharage. Lakini ukifika 1967, Januari inaisha, ukifunua unakuta Machi. Nikamuuliza, Februari iko wapi? Akaniambia uji umepoa.

Na nilipokuwa natafuta miwani yake nikaona kidude kama kile chako cha sebuleni. Kile cha lenzi mbili na miguu minne, ulichokuwa ukitufukuza tusikiguse. Nikamwambia Mjomba wangu anacho. Akapekua boksi moja, akanipa picha na kusema nikutumie nakala. Nimeitoa nakala kwenye mashine ya kanisani. Unaona nini?

Na kwa kuwa tumefika hapo, hukuwahi kutuambia kwa nini uliacha kazi ya ramani. Mama anasema macho. Mbona gazeti unalisoma bila miwani?

Mpwa wako mdadisi,
Ephrasia


Kimilili
19 Februari 2024

Mpwa wangu Ephrasia,

Barua yako imefika ikiwa imekunjamana lakini hai. Huku ni jua na vumbi, watu wanalima wakitazama juu. Mama yako alikuja Jumapili, akala vizuri, akalalamika vizuri. Ng'ombe wa Gitonga jirani ameingia tena kwenye mboga zangu, na Gitonga anasema ng'ombe hajui mipaka. Nimemwambia mwenye ng'ombe anajua.

Fiona mwambie mtu hanyimwi kuku kwa sababu ya lugha. Atakula, lakini ataomba kwa Kiswahili.

Kile kidude kinaitwa stirioskopu. Unaweka picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili angani zilizoachana kidogo. Jicho hili linaona hii, lile linaona ile, na ghafla nchi inainuka mezani. Miti inasimama, mito inazama. Mara ya kwanza nilipoiona nilirudisha kichwa nyuma nisigongwe na kilima. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilidhani nimepewa kazi bora kuliko zote serikalini.

Ukiwa na picha moja tu, kazi ni nyingine. Hapo unategemea vivuli. Na kuna sheria moja ambayo tulifundishwa kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi: iweke picha mezani hivi kwamba vivuli vianguke kuelekea kwako wewe unayetazama. Ukiiweka kinyume, akili inadanganyika. Shimo linakuwa kichuguu, na kichuguu kinakuwa shimo. Huhitaji kuwa mjinga, ndivyo macho ya binadamu yalivyo. Jaribu na hiyo ya mzee. Izungushe.

Mimi nimeizungusha. Nakala yako ni mbaya, lakini nimeona nilichoona, na sitakisema kwenye karatasi kabla hujakiona mwenyewe.

Nakuonya jambo moja. Wewe umeajiriwa kumpikia mtu uji. Maboksi yake si yako. Lakini pia nakuambia hili: mtu asiyetaka kuulizwa hampi mgeni picha.

Umesahau kuniambia nyuma ya picha pameandikwa nini. Msomaji wa picha huandika nyuma kila mara. Niandikie.

Macho yangu yako salama, asante.

Mjomba wako,
Wanjala


Burnsville
17 Machi 2024

Mjomba,

Salamu zimfikie kila mtu, hata ng'ombe wa Gitonga. Theluji imeanza kuyeyuka na magari yote yana rangi moja, ya tope. Fiona ameingia kwaya. Mimi nina mafua lakini shifti sijakosa.

Nimeizungusha. Nilimwita Fiona, nikampa picha bila kumwambia kitu. Akasema, "Little hills, Mum." Vilima vidogo sita vya mviringo, shambani. Nikaigeuza kichwa chini miguu juu. Akaniuliza mashimo yametoka wapi. Mashimo sita yamepangwa kwa duara, na katikati ya kila moja pana kitu kimesimama. Mjomba, ni mizinga, sivyo? Mizinga ya kutungulia ndege.

Nyuma, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa Walter, naujua kwa sababu ya orodha zake za dukani: "11 Februari 1967. Makaburi ya wakulima. Hakuna silaha." Amenieleza kwamba wakulima wa kule huwazika watu wao shambani na kurundika udongo juu. Hilo alinieleza kwa furaha, akachora. Nilipouliza kuhusu picha yenyewe, akasema amechoka.

Sasa ngoja jambo lenyewe. Jumanne alikuja mama mmoja kutoka Woodbury, anaitwa Joan, wa umri wa miaka hamsini na saba hivi. Baba yake, Luteni Sydney Lindquist, alikuwa rubani wa kikosi hicho. Walter alikuwa amemwandikia kuomba picha ya baba yake ya kuweka kitabuni. Joan ameileta mwenyewe, kwenye bahasha, akakaa pale na koti lake hajalivua. Baba yake alitunguliwa Februari 1967. Joan alikuwa na wiki sita.

Alisema, "Sina maswali mengi. Wenzake walimwambia mama kwamba alipenda kuruka chini chini kwa mbwembwe, na kwamba siku ile alishuka kuliko alivyoagizwa. Mama aliishi miaka arobaini na mitano akimkasirikia. Alikuwa akisema, alikuwa na mtoto mchanga na bado akaenda kucheza. Wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Walter alitazama mikono yake. Akasema ni zamani mno, hakumbuki.

Mjomba, huyu mtu anakumbuka mpishi aliyeunguza maharage.

Joan alishukuru akaondoka. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikarudi ndani bila hata kumwambia kwaheri. Niambie, tafadhali. Mtu aliyesomea kazi hiyo, aliyefundishwa ile sheria kabla ya kuonyeshwa choo, anaweza kweli kukosea namna hiyo? Au nimeanza kuota?

Na niambie kwa nini uliacha kazi.

Ephrasia


Burnsville
2 Juni 2024

Mjomba,

Miezi miwili na nusu, kimya. Nilimpigia Mama nikidhani umelazwa. Anasema uko mzima kama jembe, ulikuwa kwenye harambee ya kanisa ukibishana na mweka hazina. Kumbe barua imefika, ila majibu ndiyo hayajafika. Kama nimekukosea kwa kuuliza, nisamehe, lakini nisamehe kwa maandishi.

Walter alianguka bafuni mwezi wa Mei. Hakuvunjika, ila amepungua. Sasa anakaa karibu na dirisha na ile picha iko mapajani. Joan ameandika mara mbili. Bahasha zote mbili zimelala juu ya friji na hataki zifunguliwe. Mwishoni mwa Julai mswada unakwenda kwa mchapaji, na ukishachapwa kila mzee wa kikosi atapata nakala, na Joan atapata yake. Februari bado haimo. Kwenye ukurasa wa waliofariki ameandika chini ya jina la Sydney: "alijulikana kwa kuruka chini." Basi, hilo tu.

Nikimtazama namhurumia, na nikifika garini namkasirikia. Mimi si ndugu yake. Siwezi kumwambia mzee wa watu, sema. Lakini yule mama wa Woodbury atasoma kitabu kile na ataamini.

Ephrasia


Kimilili
24 Juni 2024

Ephrasia mwanangu,

Wote wazima. Mvua imekuwa nzuri. Salamu zinatosha.

Umeniuliza kama mtu aliyesomea anaweza kukosea hivyo. Barua yako ya Machi nimeijibu mara nne na mara nne nimeichana. Jibu ni ndiyo. Nakueleza jinsi inavyotokea.

Jua la kaskazini ya dunia hukaa upande wa kusini. Vivuli huanguka kaskazini. Ramani zote duniani zinawekwa kaskazini juu. Sasa mtu ana haraka, bosi amesimama mlangoni, anataka kulinganisha picha na ramani, anaiweka picha kaskazini juu ilingane. Basi, imekwisha. Vivuli vinamkimbia na mashimo yanakuwa makaburi. Kama ana picha mbili, stirioskopu itamwokoa. Kama anayo moja, hana wa kumwokoa. Haraka haraka haina baraka, lakini jeshini nani anakusikiliza?

Najua kwa sababu nilifanya hivyo hivyo, na sikuwa na bosi mlangoni.

Sisi wa ikweta tuna mtego wetu. Jua letu linahama. Picha zilizopigwa Julai, vivuli huanguka kusini, unaweza kuziweka kaskazini juu na zikakuambia ukweli. Za Januari zinakudanganya. Mwaka wa 1986 nilikuwa nimesoma picha za Julai wiki nyingi mfululizo, mkono umezoea. Ikaja moja ya Januari, peke yake, ile ya pili imepotea. Niliiweka nilivyozoea. Bonde nikaliandika kilima.

Desturi ya ofisi yetu ilikuwa hivi: mimi nachora kwa penseli, mchoraji anapita juu kwa wino, kisha penseli inafutwa ili karatasi iwe safi, na mwenye wino anatia sahihi. Mchoraji wangu alikuwa kijana wa Webuye, Elkanah Wekesa. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa yeyote pale. Nilifuta penseli mwenyewe.

Kwenye kile kilima pakapangwa shule. Wajenzi walipofika wakakuta kinamasi. Ikaulizwa ramani ni ya nani. Sahihi ilikuwa ya Elkanah. Alisema alifuata mistari yangu. Wakaniita. Nikasema sikumbuki.

Ni neno hilo hilo la mzee wako. Nilipolisoma kwenye barua yako nililiweka chini nikaenda kukaa nje.

Elkanah alifukuzwa wiki ile. Miezi minne baadaye nikaacha kazi, nikamwambia dada yangu kwamba ni macho. Yeye alirudi Webuye akawa anaandika mabango ya maduka. Nimepita mbele ya mabango yake mara nyingi. Herufi zake ukiziona unajua.

Usimhukumu mzee kwa kosa. Kosa ni la macho. "Sikumbuki" ndilo la moyo, na hilo hulibebi siku moja, unalibeba kila siku. Kama unaona itafaa, msomee barua hii. Sikuiandika kwa ajili yake, lakini msomee.

Mjomba wako,
Wanjala


Burnsville
29 Julai 2024

Mjomba wangu,

Mulembe, tena mulembe sana. Barua yako ilinikuta Alhamisi, na niliisoma ndani ya gari nje ya nyumba ya Walter mpaka nikachelewa kuingia. Sina la kukuambia juu ya Elkanah. Nimelia tu. Nakupenda vile vile.

Nilimsomea. Niliitafsiri mstari kwa mstari, na nilipofika kwa jua linalohama akaniambia nisimame, akachukua karatasi akachora jua na mistari miwili, akatikisa kichwa. Alikuwa hajawahi kufikiria ikweta. Alifurahi kabisa, Mjomba, kwa dakika moja nilidhani hatasikia sehemu iliyobaki. Halafu nikasoma penseli. Nikasoma sahihi. Nikasoma "sikumbuki." Akafunga macho.

Akaniambia yote. Picha ya pili iliharibika kwenye mashine. Walimpa nusu saa. Ile iliyobaki aliiweka kaskazini juu. Akaandika makaburi, na akaandika kwamba ndege inaweza kurudi kwa kupita njia ile, chini, ili ipate picha nzuri ya daraja la karibu. Sydney ndiye aliyetumwa, na mizinga ile ikamtungua. Siku mbili baadaye, watu wakiwa kwenye ibada ya kumkumbuka, Walter aliitoa picha akaigeuza bila kujua anatafuta nini. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza. Wenzake walipoanza kusema Sydney alipenda kuruka chini, yeye aliitikia kwa kichwa, na ikawa ndiyo historia.

Nilimletea bahasha mbili za Joan na simu. Alifungua bahasha kwanza.

Joan alikuja Jumamosi. Walter aliongea akiwa amekaa wima, bila kujitetea, na hakuacha kitu. Joan akaomba picha na lenzi. Akaiweka mezani, akatazama muda mrefu. Akaigeuza. Akairudisha. Akaigeuza tena. Kisha akasema, "Na mimi ningesema makaburi."

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Alisema, "Kukosea nimeelewa. Lakini mama yangu aliishi Saint Paul, dakika ishirini kutoka hapa, mpaka 2012. Ulikuwa na gari." Joan alilia akiwa amesimama. Hakumpa mkono.

Alichoomba ni mstari mmoja kitabuni. Walter aliandika Februari nzima, kurasa tatu, kwa siku tano, mimi nikipiga chapa. Chini ya jina la Sydney sasa pameandikwa: "Aliruka pale alipotumwa, kwa urefu alioagizwa, kwa taarifa niliyoandika mimi. Taarifa ilikuwa na kosa, na nililijua siku mbili baadaye." Joan aliisoma jana kabla haijaenda kwa mchapaji. Aliomba nakala mbili. Moja, alisema, anaipeleka makaburini kumsomea mama yake. Wazee wawili wa kikosi, aliowatumia kurasa hizo, wamepiga simu wakiwa na hasira. Walter aliwasikiliza mpaka mwisho.

Ameniagiza nikuulize jambo, na ninaliandika kama alivyolisema. Yule kijana wa wino, umemwambia?

Ephrasia


Kimilili
9 Septemba 2024

Ephrasia,

Huku kwema. Mahindi yamekomaa. Msalimu mzee Walter, mwambie nimemsikia.

Elkanah alifariki mwaka wa 2011. Nilikwenda mazishini Webuye. Waliniita nizungumze kama mtu aliyefanya naye kazi, nikasimama mbele ya watu mia tatu nikasema marehemu alikuwa na mkono mzuri. Nikaketi. Watu walinishukuru.

Swali la mzee lilifika tarehe ishirini na sita Agosti. Siku tatu sikwenda popote. Siku ya nne nikavaa koti nikaenda kwa mjane wake, Mama Stacy. Yuko hai, anatembelea fimbo, anapika chai yake mwenyewe. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za mama yako, nikashindwa kuinywa chai.

Nilimwambia. Ofisi, picha ya Januari, penseli, sahihi, na nilichowajibu waliponiita. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniambia kwamba miaka ile yote mumewe alikuwa akirudia kwamba alifuata mistari, na watoto walipokuwa wakubwa waliacha kumwamini, wakawa wanamwambia, Baba, yaache.

Kisha akainuka. Nilidhani ananifukuza, nikashika kofia. Akasema, "Keti. Watoto ni watatu, wawili wako shambani na mmoja yuko dukani. Nawaita. Utasema tena."

Nilingoja karibu saa mbili. Wakaja, wakakaa, watu wazima walioanza kuota mvi. Nikasema tena.

Wanjala